Baba wa Nani?

Miongoni mwa mila zetu iko moja ambayo hatuifikirii sana kwa kuwa tumeizoea. Mtu apatapo mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe huwekwa kando, naye huitwa Baba Fulani au Mama Fulani. Jina alilopewa na wazazi wake hubaki katika vyeti. Kijijini hujulikana kwa jina la mwanawe. Mila hii humfundisha mzazi kwamba heshima yake sasa imo mikononi mwa mwingine, na mtoto kwamba akiliharibu jina lake ameliharibu na la mzazi wake.

Mimi niliitwa kwa jina la mwanangu kwa miaka 31. Jina lenyewe halikuwa geni nyumbani, maana lilikuwa la marehemu baba yangu. Mama yangu hakuweza kumkemea mjukuu wake yule pasipo kucheka kwanza, akisema kwamba mke hamfokei mumewe.

Kwetu ni Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Hapa Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, wakapanda miti ya nchi nyingi, mikwinini na mikafuri miongoni mwayo. Mto Sigi, unaopata maji yake katika misitu hii, huwanywesha watu wa Tanga. Na mwaka 1997 msitu wetu ulitangazwa kuwa hifadhi. Katika nchi hiyo ya mvua na ukungu mwanangu alikua akiijua miti kwa majina. Alioupenda kupita yote ni msambu, ambao mbegu zake hutoa mafuta ya kupikia. Mbegu hiyo ni kaidi: huweza kukaa ardhini miezi mingi, pengine kupita mwaka, kabla ya kuchipua. Yeye alitengeneza kitalu nyuma ya nyumba, akawa anamwagilia udongo mtupu huku wenzake wakimcheka.

Siku ya kufa kwake hakuwa mgonjwa. Aliondoka alfajiri kwenda shamba la iliki, akaniuliza kama aninunulie chumvi wakati wa kurudi. Kabla ya adhuhuri alianguka, na walipomfikisha nyumbani alikuwa amekwisha kukata roho. Kifo cha ghafla hakimpi mzazi nafasi ya kuuguza. Na kuuguza, ingawa ni taabu, ni njia ya kuagana.

Desturi zetu zilinishika mkono. Vijana walichimba kaburi bila kuombwa. Waislamu kwa Wakristo walileta unga, kuni na maharage, na wazee walilala nami juu ya mikeka hata matanga yakaanuliwa. Wako wasemao kwamba matanga ni upotevu wa mali na wakati. Yamkini yamo ya kupunguzwa. Walakini aliyepata mtu wa kulala karibu naye usiku ule wa kwanza aijua thamani yake.

Lililonishangaza lilikuja baadaye. Watu waliacha kuniita. Aliyezoea kupaza sauti toka ng'ambo ya bonde, akinisalimu kwa jina la mwanangu, sasa alisema "Mzee" kwa sauti ya chini. Hawakuwa na nia mbaya. Walidhani jina lile ni kidonda, wakachelea kukitonesha. Lakini kadiri walivyonihurumia ndivyo nilivyozidi kufiwa. Jina langu la kwanza nilikuwa nimeliacha zamani, na sasa la pili nalo liliondoka.

Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi, akamtaja kwa jina lake. Nao wazee wetu waliwarithisha wajukuu majina ya waliokufa ili majina yasife pamoja nao. Jina la baba yangu lilikuwa limekwisha kwenda kaburini mara moja kabla ya kumfikia mwanangu, wala halikudhurika. Kwa nini basi lidhurike safari hii?

Siku moja, mkutano wa kijiji ulipokuwa ukimalizika, nilisimama nikawaambia majirani, "Ndugu zangu, niiteni kama mlivyoniita." Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja mzee, aliyempokea mwanangu siku alipozaliwa, akaniita kwa jina lile kwa sauti kamili, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamjibu kuwa ni njema.

Kitalu kingali nyuma ya nyumba. Masika yaliyopita ilichipua miche minne. Watoto wa shule wapitao huuliza ni ya nani, nami huwatajia mwenyewe.

Ninyi walimu na wanafunzi mtakaosoma haya, hapana budi siku moja mtakwenda kuhani. Msiogope kulitaja jina la marehemu mbele ya wazazi wake. Hamtawakumbusha msiba, maana hawajausahau.