Mstari Mmoja wa Jedwali

Tasnifu yangu ya sayansi ya siasa ilikuwa na jedwali la vita. Vita vya Kagera vilikaa kwenye mstari mmoja: Uganda, Tanzania, 1978, 1979. Nilifuata kipimo cha mradi wa Correlates of War, ambao huhesabu vita kati ya nchi pale wanapokufa wapiganaji wasiopungua 1,000. Nilitaka kuonyesha kwamba mtawala aliyebanwa nyumbani hutafuta vita nje. Amin alinifaa: mwaka ule wanajeshi wake walikuwa wameanza kumwasi.

Mwenzangu wa chumbani anasoma historia. Alipitia ukurasa ule akauliza, "Nani alitoa amri ya kuvuka mpaka? Siku gani?"

Nikamjibu kwamba nadharia yangu haihitaji jina la mtoa amri.

"Inalihitaji sana. Kama waasi walivuka wenyewe, wewe hujaeleza uamuzi wa Amin. Umeeleza vurugu."

Nikamgeuzia kibao. "Na wewe ukiishia kwa Amin, utajuaje kama ule ulikuwa wazimu wa mtu mmoja, au ndivyo watawala waliobanwa wanavyofanya? Mweke kando ya Galtieri wa Argentina, 1982." Akanyamaza, kisha akaliandika jina hilo kwenye daftari lake.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa Bibi, kaskazini mwa mto Kagera. Nilimuuliza vita vilianza lini. Hakutaja mwezi.

"Siku ile nilikuwa nimeinjika ndizi na maharage, mjukuu wangu. Tukayaacha motoni."

Walivuka mto usiku kwa mtumbwi. Wakiwa bado ukimbizini, mwanawe mchanga akafa kwa homa. Shangazi huyo nilimjua kwa jina tu, kwa sababu ndilo jina langu. Kipimo changu hakimhesabu, hakuwa mpiganaji.

Jedwali sikulifuta. Bila hilo nisingeweza kumjibu mwenzangu kuhusu Galtieri. Lakini niliongeza sura nzima juu ya wale ambao jedwali limewaacha nje, na sentensi yangu kuhusu Amin nikaipunguza makali.

Mwenzangu amesoma rasimu mpya. Anataka kujua kama Bibi aliwaona askari wakija kwa mpangilio au wametawanyika. Jana nilimpigia Bibi simu. Amesema nije nimuulize uso kwa uso, na huyo rafiki yangu nije naye.