MASHINE YA ZIWA YAJIFICHA MGOMBANI NYAKAKIKA!

Ukiuliza wapi utaona mashine za boti za zamani, watu watakutuma Mwaloni Kirumba kule Mwanza, au Nyamukazi mjini Bukoba, au Feri kwa wale wa Dar. Hakuna hata mmoja atakayekwambia panda gari uende Nyakakika. Nyakakika iko Karagwe bwana, nchi ya milima, migomba na kahawa! Ziwa Victoria umeliacha nyuma huko.

Lakini mie nimekwenda, na mashine nimeiona kwa macho yangu.

Safari yenyewe si haba. Unatoka Bukoba, unafika Kyaka na kuvuka Mto Kagera, pale ambapo majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja mwaka 1978. Kutoka hapo ni kupanda tu, lami safi mpaka Kayanga. Baada ya Kayanga nikakamata bodaboda, na hapo ndipo vumbi lilipoanza kunitambua. Nilishuka mwekundu kama tofali.

Usidhani boti ni kitu kigeni Karagwe. Mwaka 1876 Stanley alifika kwa Mfalme Rumanyika na boti lake, Lady Alice, lililobebwa vipande vipande na wapagazi. Wakaliunganisha na kulishusha kwenye ziwa dogo la huku huku.

Haya, tuje kwenye mashine. Ni ya marehemu babu wa mshikaji wangu mmoja. Mzee alikuwa mvuvi Bukoba enzi zile za miaka ya 1980, sangara walipoanza kujaa ziwani. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Mzee akasema basi. Akaifunga mashine yake juu ya basi, akarudi kwenye migomba. Tangu hapo haijagusa maji.

Nilimkuta bibi barazani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Akanimiminia kiganjani kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni huku, kisha akatoa la moyoni. Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu na mzani wake. Mshikaji hataki iuzwe, bibi hataki kuiona. "Hiyo ni ya ziwa," alisema, "na ziwa linakula watu."

Tukaomba tuitazame kwanza. Na hapa msomaji sikiliza vizuri, maana siku moja na wewe unaweza kurithi dude kama hili.

Kitu cha kwanza siyo spana, ni kitambaa. Futa vumbi kwenye mabano yanayoshika boti, utafute kibati cha namba. Chetu kilianza na J25. J ni Johnson, na E ingekuwa Evinrude, ndugu yake wa kampuni moja. 25 ni nguvu za farasi. Mwaka umefichwa kwa herufi! Kuanzia mwaka 1980 walitumia neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, T ni 3, mpaka S ambayo ni 0. Sisi tulikuta C na O. Hesabu mwenyewe: 8 na 5. Mashine ya 1985, imenizidi umri ile mbaya!

Pili, usivute kamba kwa pupa. Toa plagi zote mbili, dondoshea oili kwenye matundu, uiache ilale usiku kucha. Pistoni iliyokaa miaka ukiilazimisha kavu kavu, unaikwangua. Asubuhi ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako avute kamba taratibu. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, mashine ina pumzi. Jaribu na tundu la pili. Vyetu vilisukumwa vyote, mshikaji akaruka kama kafunga goli!

Tatu, fungua skrubu ya chini ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yaliingia, sili zimekufa. Yetu ilitoka nyeusi tu. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo hayali aluminiamu kama ya Feri.

Kasoro ipo. Plagi haitoi cheche, na kile kipangaboi cha mpira kinachovuta maji ya kupoza kimekauka kama biskuti. Kwa hiyo ni marufuku kuiwasha kavu. Siku ya kuiwasha itakaa ndani ya pipa la maji. Vipuri navyo ni vya kutafuta, maana kampuni ya OMC iliyotengeneza Johnson na Evinrude ilifilisika Desemba 2000.

Jioni mshikaji akamwambia bibi maneno yaliyoninyamazisha. "Bibi, tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba ilikuwa na watu 43. Kumi na tisa walikufa. Lakini 24 walipona, na waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Ziwa linakula, lakini na watu wa ziwa wanaokoa."

Bibi alikaa kimya muda mrefu, anatafuna kahawa yake. Kisha akasema, "Mwambieni wa mzani asije. Mashine iwake kwanza. Habari za kwenda ziwani tutaongea baadaye, na usije kwangu bila jaketi la kuokolea."

Mshikaji sasa yuko mbioni kusaka koili na hicho kipangaboi. Wewe mwenye mashine ya babu stoo, kabla hujaita mzani, futa kibati usome. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!