Siku Tuliyokwenda Kamakura

Wengi wetu tukibahatika kufika Tokyo tunaishia humo humo: maduka, mataa, picha mbili tatu, safari imekwisha. Nyie mnaosafiri wawili wawili, tengeni siku moja mwende Kamakura. Ni kama saa moja tu kwa treni, na mnashuka kwenye mji wa pwani wenye vilima vya misitu na mahekalu kila kona. Masamurai walitawala kutokea hapo hadi mwaka 1333.

Kila mgeni huenda kumwona Buddha Mkubwa, nanyi nendeni. Ni sanamu ya shaba ya karne ya 13, mita 11 na ushee kwenda juu. Jengo lililoifunika liliangushwa na dhoruba, likajengwa, likaanguka tena, mwisho wakaiacha hivyo hivyo juani na mvuani. Imekaa nje zaidi ya miaka 500, na wala haionekani kujali.

Lakini hekalu lililotugusa ni la jirani, Hasedera. Ukipanda ngazi zake unakutana na visanamu vya mawe, safu kwa safu, mamia kwa mamia, vyote vya Jizo, ambaye Wajapani wanaamini ni mlinzi wa watoto. Vimewekwa na wazazi ambao mimba zao ziliharibika, au watoto wao walizaliwa wakiwa wameshafariki.

Jamani, nilisimama pale miguu ikaisha nguvu. Mimba yetu ilitoka ikiwa na miezi minne. Na wengi mnajua kwetu inavyokuwa: hakuna turubai, hakuna matanga, hakuna rambirambi. Unaambiwa "pole, bado vijana, mtapata mwingine", kesho kutwa uko ofisini. Mume wangu hakuwahi kulitaja jambo lile hata siku moja, nikaamini limemtoka. Kumbe wapi! Alivua kofia, akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, "Ungempa jina gani?"

Sisi si Wabudha. Hatukuweka sanamu wala kuwasha ubani. Tulipanda tu hadi juu, kwenye uwanja unaotazama ghuba ya Sagami, tukanunua chai.

Baadaye tulichukua Enoden, katreni kadogo kalikoanza kazi mwaka 1902. Kanapita katikati ya nyumba za watu, karibu uguse nguo zilizoanikwa, mara kanachomoka na bahari iko hapo chini ya dirisha. Mpango ulikuwa tushuke Enoshima, kwenye kengele ya wapendanao, ambako wachumba hufunga makufuli yenye majina yao. Habari za kengele hiyo muwaulize wengine. Enoshima ilipofika mwenzangu ndiyo kwanza alikuwa ananieleza kwa nini angependa jina la bibi yake, nami nilikuwa nabisha, kwa hiyo tukabaki kwenye viti mpaka Fujisawa, mwisho wa reli.