Soma Kichwa Kabla ya Kukisuka

Mwaka huu nimefunga saluni yangu ya Miembeni, Bukoba. Vidole vimekataa kazi, na nimechoka kuona mabinti wakivua wigi mbele yangu, paji la uso limekaribia utosi. Wengine hawajamaliza hata chuo. Nilichofundishwa nisipokiandika, kitapotea.

Nilizaliwa Kamachumu, Muleba, katika kibanja cha migomba na mibuni. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979 nilikuwa darasa la nne, kichwa kimenyolewa kama wenzangu wote. Nilipomaliza la saba, mama mdogo alinichukua Bukoba mjini. Jirani yake alikuwa msusi mtu mzima, mtaa mzima ukimwita Ma. Utoto wangu uliishia barazani kwake.

Ma hakuanza na mtindo. Alimkalisha mteja mkekani, akamfumua, akapitisha vidole kichwa kizima, ndipo akauliza: "Mwanangu, zimeanza kupungua wapi?" Zikiwa zimepungua mbele na juu ya masikio, alijua ni mkono wa msusi. Zikipungua kichwa chote sawasawa, aliuliza habari za mwili: umejifungua lini, umeugua homa, hedhi inatoka nyingi, unakula nini? Zikiwa zimetoka kwa duara, hakusuka kabisa. Alimwambia aende hospitali, kwa kuwa inaweza kuwa mapunye, na mapunye huhamia kwa mwingine kupitia kitana. Sijaona msusi kijana anayefanya hivyo leo. Wanafungua picha kwenye simu, wanaanza kuvuta.

Baadaye niliajiriwa kwenye saluni moja kubwa. Mwenye saluni alitaka rasta zikazwe mpaka nyusi zipande. Hoja yake ilikuwa kwamba suka iliyolegea humrudisha mteja na malalamiko kabla wiki mbili hazijaisha. Nilimbishia wakati ule na ninambishia mpaka leo. Suka hudumu kwa kugawa nywele vizuri. Fungu jembamba likibebeshwa rasta nyingi, mzizi ndio unaoumia. Ma alianza mstari kwa nywele za mteja mwenyewe, akaongeza rasta kidogo kidogo alipokwisha kuingia ndani, na vile vinywele laini vya ukingoni aliviacha huru. Akimaliza, alimtaka mteja apandishe nyusi na kutafuna kama anayekula. Akikunja uso, Ma alifumua. Vipele vidogo ukingoni kesho yake ni onyo. Ngozi iliyovutwa kwa miezi, ukiiachia mapema, nywele hurudi. Ikivutwa kwa miaka, kitundu cha nywele huziba kwa kovu, na hakuna mafuta duniani yanayokifungua. Wanaoweka dawa na kusuka rasta siku hiyo hiyo wanaongeza hatari, kwa sababu nywele ya dawa imekwisha kudhoofika.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba mjini kwetu. Kuelekea mwisho wa mwaka wanawake walianza kuja wameshika nywele zao mkononi. Wengine walidhani wamerogwa. Mshtuko mkubwa, homa kali, uzazi au njaa hupumzisha nywele nyingi kwa mpigo, nazo hudondoka miezi miwili au mitatu baadaye, mtu akiwa hahusishi tena jambo hilo na kichwa chake. Kwa kawaida nyingine hukua mahali pake. Wakati huo huo muuzaji mmoja wa jirani akaleta kopo la mafuta ya kuotesha nywele. Waliopaka ziliota, na wasiopaka ziliota vile vile, lakini sifa zote zilikwenda kwenye kopo. Wateja wangu niliwaambia waoshe kwa upole, waache rasta nzito, wale vizuri, wasubiri. Baadhi walinihama. Siwalaumu wao, namlaumu aliyechukua fedha za watu waliokwisha kupoteza nyumba.

Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Anayekuahidi nywele ndefu kwa wiki mbili anakudanganya.

Na chakula ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Sisi watu wa ndizi tunashiba upesi, na shibe hiyo hutudanganya. Ndizi tupu ni wanga. Nywele hujengwa kwa protini, na mzizi unahitaji madini ya chuma na zinki. Bibi zetu walipika ndizi na maharage. Weka na dagaa, weka mchicha, kamua limau. Msimu wa senene ukifika, kula senene. Mwenye upungufu wa damu asinywe chai wala kahawa pamoja na mlo, maana huzuia chuma cha maharage na mboga kuingia mwilini. Asubiri kama saa moja. Vidonge vya nywele havimfai asiyepungukiwa na kitu, na vitamini A ikizidi, yenyewe huangusha nywele. Nasikitika pia kuona mayai yakipakwa kichwani. Nywele iliyokwisha kutoka nje ya ngozi haili kitu. Unaokula ni mzizi, nao hulishwa na damu. Yai liliwe.

Utunzaji wa kila siku aliotufundisha Ma hauna gharama: maji kidogo, mafuta kidogo, vidole kabla ya kitana, kuchana kuanzia nchani kurudi kwenye mzizi, na kitambaa laini usiku. Rasta zisikae zaidi ya miezi miwili, na zikifumuliwa kichwa kipumzike wiki kadhaa kabla ya kusukwa tena.

Wasusi wa Miembeni na wa Muleba, nawaomba jambo moja. Mteja akisema inauma, fumueni, hata kama foleni imefika mlangoni.