Mkate Ulifuata Maziwa

Mkate wa mashambani Ireland kwa kawaida haukutiwa hamira. Nchi ile ni ya mvua na baridi, ngano yake laini, na unga wake hauvutiki vya kutosha kuumuliwa kwa hamira. Bikaboneti ilipoingia katika karne ya 19, akina mama waliing'ang'ania. Unga, chumvi, bikaboneti kidogo, na mtindi unaobaki siagi ikishatolewa, basi. Uchachu wa mtindi ukikutana na bikaboneti hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayouinua mkate. Haukandwi. Ukiukanda umeuua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za masomo, nilipanga kwa bibi mmoja Mayo, magharibi ya nchi. Jiko la kisasa alikuwa nalo, lakini mkate wake aliupika kwenye moto wa mekoni, ndani ya sufuria nzito ya chuma. Huko moto wenyewe ni wa udongo wa kinamasini, unaochimbwa na kukaushwa kama kuni. Bibi aliukata mkate alama ya msalaba juu, akafunika, akateka makaa kwa koleo na kuyapanga juu ya kifuniko. Nikacheka.

"Unacheka nini, mwanangu?"

Nikamwambia kwetu Pwani wali nao hupaliwa makaa vilevile.

"Kumbe kwenu nako kuna watu wenye akili," akajibu.

Mkate uliliwa siku ileile, siagi ya chumvi ikichuruzika, kwa chai nzito ya maziwa. Mchana ni viazi vya kuchemsha na maganda yake, kabichi, na nyama ya nguruwe ya chumvi, ambayo mimi niliipisha. Viazi hivyohivyo vilipooza mashambani kuanzia 1845, watu wapatao milioni moja wakafa, na bado hawakuviacha.

Kwa kupotea kwa mkate huo wa nyumbani, leo wengi wanaulaumu mkate wa dukani uliokatwa vipande. Mimi nalilaumu lori la maziwa. Maziwa yalipoanza kwenda yote kiwandani, nani tena asuke siagi? Bila siagi hakuna mtindi, na nyumba yenye ng'ombe ikawa inanunua mtindi wa pakiti. Hapo mkate ulikuwa umeshaondoka, duka lilikuja kuziba pengo tu.

Nisiwaonee akina mama walioacha kuupika, lakini. Ile ilikuwa kazi ya kila siku, na ya mwanamke. Zamani mkate wa dukani ndio uliowekewa mgeni wa heshima, padri akipita, na ule wa nyumbani ukafichwa kwa aibu. Sasa mambo yamegeuka: wenyeji wanakula wa dukani, mtalii ndiye anayeuziwa "wa bibi" hotelini, kwa bei ya kutisha, mara nyingi umejaa sukari na zabibu. Ukiandaliwa huo, msomaji, ule, ni mtamu. Ila ujue umekula keki.