Mkibadili Mandhari, Matangazo Yasipotee

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena, testi zimebanana. Ila hili la juzi nimeona nisikae nalo, maana wengi wenu mnajifunza kutengeneza mandhari (wengine mnaita themu) na plagini za WordPress.

Iko hivi. Jumuiya moja ya wanafunzi ina tovuti yake, na kule ndiko watu tunaangalia matangazo: nafasi za fildi, vyumba vya hosteli, tarehe za mikopo. Uongozi mpya ukaona tovuti imechuja, wakaweka mandhari mpya. Kufumba na kufumbua, matangazo yote hayaonekani! Na zilikuwa zimebaki siku nne tu dirisha la rufaa za mikopo lifungwe. Katibu akanipigia, sauti inatetemeka: "Dada, tumefuta kila kitu."

Wala hawakufuta kitu. WordPress ilianza mwaka 2003. Plagini zikaja na toleo la 1.2 mwaka 2004, na mandhari kama tunavyoijua leo na toleo la 1.5 mwaka 2005. Ni vitu viwili kwa sababu kazi zao ni mbili. Mandhari ni nguo: rangi, herufi, mpangilio. Plagini inaongeza kazi. Sasa aliyewatengenezea mandhari ya zamani aliisajili aina ya "tangazo" ndani ya functions.php ya mandhari hiyo, na faili hilo linasomwa pale tu mandhari yake inapokuwa imewashwa. Ni kama kuvua koti na pesa ziko mfukoni. Matangazo yenyewe yalikuwa yametulia kwenye hifadhidata, jedwali la wp_posts, ila WordPress ilikuwa haijui tena "tangazo" ni mnyama gani.

Dawa yake ni ndogo. Nikatengeneza faili moja la PHP ndani ya wp-content/plugins, juu kabisa nikaweka maelezo yenye mstari wa Plugin Name, maana bila huo plagini haitokei kwenye orodha. Nikahamishia humo register_post_type, kwa jina lilelile la zamani, nikaining'iniza kwenye ndoano ya init. Nikaiwasha. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, nikabonyeza kuhifadhi ili anwani zisilete 404. Yakarudi yote, na lile la rufaa likiwemo.

Kwa hiyo wadau, kabla hujaandika mstari wowote jiulize: mwenye tovuti akibadili mandhari kesho, kitu hiki kinatakiwa kibaki? Kama ndiyo, peleka kwenye plagini. Kama ni urembo tu, acha kwenye mandhari. Na ukitaka kurekebisha mandhari ya mtu mwingine, tengeneza mandhari-mtoto, la sivyo toleo jipya likiingia linafagia marekebisho yako yote. Hata mandhari za bloku zilizoingia na toleo la 5.9, Januari 2022, hazijabadili kanuni hii.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya makoda tu. Si kweli. Jamaa wa mwaka wa kwanza aliliona tangazo siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, akawahi kutuma rufaa. Majibu bado, tumwombee. Ila angalau ametuma.

Haya, narudi kwenye testi. Tuko pamoja!