Paka wa Manyoya Marefu Bagamoyo

Bagamoyo, kilometa 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, ni mji wa joto, mchanga na upepo wa chumvi. Paka wanaozunguka soko la samaki wana manyoya mafupi, nao wamestarehe. Mama mwenzangu, kama wako ana manyoya marefu, mchane kila siku, hasa nyuma ya masikio na kwapani. Fundo lililokaza usilikate kwa mkasi: ngozi ya paka ni nyembamba, huinuka pamoja na fundo, ukaikata. Daktari wa mifugo atalinyoa kwa mashine. Na dawa ya viroboto vya mbwa yenye permethrini usimpake kamwe, inaweza kumwua. Ukiona mabaka yaliyonyonyoka, watazame watoto vichwani, maana mapunye hutoka kwa paka pia.